Msiniulize Maneno Yako Wapi



Wiki tatu zilizopita nilituma wimbo kwenye grupu letu la wanamuziki, lile lenye watu wa hapa Nakivale, wa Kyangwali, wa Nyarugusu na wa Kakuma. Ni dakika 3 na sekunde 12 za gitaa peke yake. Nilirekodi nyumbani kwetu, kwa simu. Hakuna sauti ya mtu ndani yake, ukiacha mtoto wa jirani anayekohoa pale mwisho mwisho. Nikatuma, nikaweka simu chini, nikasubiri kama mtu aliyepeleka barua ya posa.

Majibu yakaja:

“Kaka iko muzuri, lakini maneno iko wapi?”

“Biti kali! Nani ataimba?”

“Iyi njo mwanzo ao njo yote?”

“Ujumbe gani unapeleka kwa jamii?”

Na vidole gumba 14, na mioto 9.

Leo najibu. Jibu hili nimelishika wiki tatu na limenivimbia kifuani. Nasema hivi: wimbo wa gitaa usio na maneno ni wimbo uliokamilika. Si nusu ya wimbo, wala si biti inayongoja mwenyewe aje. Na yule anayetudai maneno kila tukigusa kamba, awe ofisa wa mradi au awe mwanamuziki mwenzangu, anataka kutunyang'anya kitu ambacho hata mpakani hawakutunyang'anya.

Mnaona nimeanza kwa ukali. Subirini, nitaeleza.

Kwanza mjue kazi iliyomo ndani ya zile dakika tatu, kwa sababu nahisi kuna watu wanadhani nilikaa tu nikabonyeza kitufe. Gitaa lenyewe tulichanga watu watatu, tukalinunua Mbarara mkononi mwa mtu. Kamba ya tatu ilikatika zamani. Ile iliyopo sasa ni uzi mmoja niliouchomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, na kila baada ya wimbo mmoja inashuka, lazima niivute tena. Mchana huwezi kurekodi hapa kwetu. Kuna kibanda cha sinema, kuna mashine ya kusaga, kuna watoto, kuna mbuzi. Nangoja hadi saa nne usiku. Natundika blanketi mbili ukutani ili sauti isirudi rudi. Simu naiweka isipokee mtandao ili mtu asinipigie katikati. Naielekeza pale shingo ya gitaa inapokutana na tumbo lake, siyo mbele ya tundu, kwa sababu mbele ya tundu sauti inavuma kama mtu anaongea ndani ya jerikani.

Nilianza na akompa, ile gitaa ya kubeba wimbo. Halafu nikaweka kisikilizio sikio moja, nikapiga solo juu yake. Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya tatu mvua ikapiga mabati. Mara ya tano chaji ikaisha. Mara ya saba nikafika mwisho, na kwenye noti ya mwisho kabisa mtoto wa jirani akakohoa. Niliacha vile vile. Kesho yake mama yake alisikia, akacheka hadi akakaa chini, akasema mtoto wake ameshakuwa msanii.

Sasa mtu anasikiliza sekunde ishirini za kazi hiyo halafu anauliza: maneno iko wapi?

Nianze na ninyi wa mashirika. Nawaheshimu, na mimi mwenyewe ni mjitoleaji, megafoni naijua kuliko gitaa. Nimeimba kunawa mikono. Nimeimba mimba za utotoni. Nimeimba amani, nimeimba chanjo, nimeimba asante kwa wafadhili, na kila mara niliimba kwa moyo wote kwa sababu kipindupindu si mchezo. Hakuna mtu wa kunifundisha faida ya wimbo wenye ujumbe. Franco mwenyewe, Luambo Makiadi, mwaka 1987 alitoa wimbo mzima kuonya watu kuhusu Ukimwi, na hakupungukiwa ukubwa wake.

Lakini angalieni kilichotokea. Ule wimbo wangu nilimpelekea pia ofisa mmoja tunayefanya naye kazi. Sikuomba pesa. Niliomba tuupige kwenye jukwaa la Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, mimi na wenzangu wawili, dakika tatu tu. Akasikiliza, akatabasamu, akasema ni mzuri sana, tuongeze maneno ya usafi juu yake ndipo atautetea kwenye kikao. Nikamuuliza, na bila maneno? Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwenye ripoti hatajua aandike nini.

Hapo ndipo nilielewa. Sauti yetu inaruhusiwa kutoka kambini kama ina kazi ya kufanya. Mkimbizi akiimba, lazima awe anafundisha, au anaonya, au analia, au anashukuru. Akipiga gitaa kwa sababu usiku ulikuwa mtulivu na vidole vilikuwa na hamu, hiyo haina sanduku lake kwenye fomu. Nikamwambia hapana, asante. Jukwaa wamepewa wengine. Iliniuma, nisiwadanganye. Wenzangu wawili nao waliumia, na mmoja bado hajanisamehe, anasema kwani ungepungukiwa nini kuimba mistari minne ya sabuni.

Ningepungukiwa ule wimbo, ndugu yangu. Ningekuwa na tangazo la sabuni lenye gitaa nyuma yake.

Sasa nageuka kwenu wanamuziki wenzangu, na kwenu nina hasira zaidi, kwa sababu ninyi mnajua. Ofisa wa mradi hakulelewa na rumba. Ninyi mmelelewa nayo. Niambieni, kwenye harusi kwenu, watu wanainuka saa ngapi? Mwimbaji anaimba mapenzi yake, wazee wanatikisa vichwa, wamama wanamalizia sahani. Halafu maneno yanaisha. Gitaa la solo linaingia, mi-solo analijibu, besi inashuka, na hapo kila mtu amesimama, hata bibi mwenye fimbo. Hiyo ndiyo sebene. Ni gitaa. Wakati mwingine kuna mtu wa kupiga kelele za kuchangamsha, lakini anayewainua ni gitaa. Nyinyi wote mmecheza sebene hadi asubuhi. Kuna hata mmoja aliyewahi kwenda kwa mpiga solo saa kumi ya alfajiri akamuuliza, “Samahani kaka, ujumbe wako kwa jamii ni upi?”

Franco alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea, alikuwa bado mtoto mdogo pale Léopoldville. Docteur Nico Kasanda wa African Jazz watu wanamkumbuka kwa vidole vyake. Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambayo leo inaitwa Likasi, na wimbo wake wa Masanga ukatembea dunia. Bosco aliimba kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki. Lakini hadi leo kuna watu Ulaya na Marekani wasiojua hata kusema “jambo” ambao wanakaa chini kujifunza alichokuwa anafanya kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Walichofuata kwake ni vile vidole viwili. Na mwezi Desemba 2021, rumba ya Kongo zote mbili iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa wanadamu. Gitaa limo ndani ya urithi huo, halikuingia kwa kubebwa na mwimbaji.

Kwa hiyo msiniambie eti hamkuelewa kwa sababu hakukuwa na maneno. Mlielewa. Ila kuna kitu kingine mlikuwa mnatafuta, na hiki ndicho kilichonifanya niandike.

Kumbukeni mwanzo wa 2025. Goma imeanguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Simu zetu zilikuwa zinalia usiku mzima, kila mtu anatafuta mama yake, anatafuta mdogo wake. Wiki ile ile, mtu mmoja kwenye grupu letu alituma wimbo. Ulikuwa wimbo mzuri, nasema kweli, sauti nzuri. Lakini ulikuwa na maneno. Kwenye mstari wa pili alisema “wale”. Hakusema wale ni nani. Mnakumbuka kilichofuata? Watu waliacha kusikiliza wimbo wakaanza kumtafuta “wale”. Mmoja akasema ni sisi. Mwingine akasema kama unajisikia basi ni ninyi kweli. Lugha ya kiitikio ikageuzwa kuwa ushahidi. Kabla jua halijazama watu 11 walikuwa wametoka kwenye grupu, na wengine walikuwa wamepiga muziki pamoja miaka minne.

Sisi tunaelewa vizuri mno maneno yanafanya nini. Ukifungua mdomo tu, tayari mtu ameshajua umetoka mlima gani. Ukisema kwa Kifuliiru, unawekwa upande. Ukisema kwa Kibembe, unawekwa upande. Ukisema kwa Kinyamulenge, unawekwa upande. Hata Kiswahili chenyewe, lafudhi yako inakusaliti. Ndiyo maana mtu akisikia wimbo usio na maneno anakosa amani. Hana pa kukuweka. Anauliza “ujumbe uko wapi”, lakini ukichimba kidogo anauliza “wewe ni wa nani?”

Sasa nieleze yaliyotokea siku ya nne baada ya kutuma. Simu yangu ilipokea faili kutoka namba nisiyoijua. Hakuna salamu, hakuna jina, faili tu. Nikaifungua. Ilikuwa ni wimbo wangu, na chini yake kuna besi. Besi imepigwa kwenye kinanda kidogo, na imepigwa na mtu anayesikiliza. Pale nilipokimbia, yeye alisimama. Pale nilipoacha nafasi, hakuijaza yote, alitia noti mbili akarudi nyuma. Na pale mwisho mtoto alipokohoa, besi ilikuwa imenyamaza, ikamwachia mtoto nafasi yake.

Niliisikiliza mara sita gizani. Halafu nikauliza wewe ni nani. Alikuwa ni dada mmoja wa Kyangwali, mmoja wa wale 11. Mtu aliyebaki kwenye grupu alimpelekea faili. Sitasema kabila lake, na langu sitasema, kwa sababu mkishajua tu mtaanza kupima. Itoshe kusema kwamba nyumbani, leo hii, watu wake na watu wangu hawakai kwenye basi moja. Aliniambia jambo moja ambalo nimemwomba ruhusa ya kulirudia: angesikia sauti ya mtu anaimba, angefuta faili kabla ya kufika sekunde ya kumi, kwa sababu tangu siku ile hafungui wimbo wowote unaotoka kwenye lile grupu.

Sisemi gitaa limeleta amani. Sitaki mtu wa ripoti achukue sentensi hiyo. Hatujaongea vita, mimi na yule dada, na sijui kama tutaongea. Lakini kuna dakika 3 na sekunde 12 ambazo tumekaa ndani yake wawili, na hakuna aliyemwomba mwenzake kitambulisho.

Najua kuna mtu ameshakunja uso. Anasema: huo ni woga. Watu wanauawa Kivu, wewe unapiga la-la-la. Msanii wa kweli anasema ukweli. Swali hili naliheshimu kuliko yote, kwa sababu mwenye kuliuliza mara nyingi amezika watu.

Jibu langu ni hili. Ukweli unahitaji maneno, ndiyo. Unahitaji majina, tarehe, kijiji, nani alifanya nini. Huo ni ushahidi, na ushahidi utolewe wazi, uandikwe, utiwe sahihi. Mimi wangu nimeutoa. Nimeueleza kwenye dirisha la usajili, nikaueleza tena kwenye usaili, nikaueleza mara ya tatu kwa mtafsiri aliyekuwa anaangalia saa yake. Kila mkimbizi anayesoma hapa amefanya hivyo hivyo. Maneno yetu yako kwenye mafaili, yana namba. Tumeyatoa hadi yamechakaa. Wimbo haudaiwi kuyarudia. Na anayetaka kuimba ukweli aimbe, nitampigia akompa bure. Ninachokataa ni sheria kwamba lazima kila mtu, kila siku, kwenye kila kamba, aeleze tena kwa nini alikimbia.

Basi, tufanye nini? Sipendi mtu anayelalamika halafu anaondoka, kwa hiyo nawaachia haya.

Wanamuziki, mtu akituma kipande cha gitaa, usimjibu kwa moto. Moto haumsaidii. Mwambie ni sekunde ya ngapi ilikugusa, na ni sekunde ya ngapi alitoka nje ya mdundo. Mimi kwenye dakika ya pili nilikimbia, na hakuna hata mmoja kati ya wale mioto 9 aliyeniambia. Yule dada wa besi ndiye aliyeniambia, kwa kusimama pale nilipokimbia. Jibu zuri la gitaa ni gitaa, au besi, au hata ngoma ya jerikani.

Ukitaka kuimba juu ya kazi ya mwenzako, omba kwanza, na jina lake liende na wimbo kokote. Faili isiyo na maneno si shamba lisilo na mwenyewe.

Ukituma, tuma vizuri. Usitume kama sauti ya kawaida ya kuongea, simu inaikandamiza na kamba zote zinasikika kama waya wa uzio. Tuma kama dokumenti. Faili ya MP3 ya dakika tatu ni kama MB 3 hivi, tunaweza kuvumilia. Ile ya WAV inafika MB 30, hiyo ni chakula cha mtu. Andika ufunguo wa wimbo. Hesabu moja mbili tatu nne mwanzoni ili mwenzako wa Nyarugusu ajue pa kuingilia. Kaza kamba zako kwa programu ya simu, siyo kwa sikio tu, maana sikio lako na sikio la Kakuma hayajawahi kukutana. Na acha nafasi. Usijaze kila kona, mtu mwingine atakaa wapi?

Ndugu wa mashirika, kwenu nina maombi mawili madogo. La kwanza ni kamba. Seti moja ya kamba sita inafanya kazi kubwa hapa kuliko fulana 20 za siku moja. La pili ni dakika tatu. Kwenye jukwaa lenu la mwakani, kati ya hotuba na igizo la usafi, tupeni dakika tatu ambazo hazifundishi kitu. Kwenye ripoti mwandike: vijana walipiga gitaa, watu wakasikiliza. Ni kweli, na inatosha.

Faili mpya, yenye besi ndani, naituma kesho usiku kwenye grupu, kwa ruhusa ya dada. Ufunguo ni C. Nafasi ya mi-solo nimeiacha wazi kuanzia dakika ya kwanza na nusu. Wale 11 nawatumia mmoja mmoja, kila mtu kwenye namba yake, bila barua na bila maelezo.

Maneno yangu yote nimeyamaliza hapa. Kule mtakuta gitaa, besi, na mtoto mmoja anayekohoa.